Lenzi Iliyosuguliwa kwa Ukwaju

Haya, kaeni nisimulie mara moja, maana nimechoka kuulizwa na mmoja mmoja. Sokoni naulizwa, msibani naulizwa, hata mteja aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti aliniuliza huku kidevu amekiinua, "Bi Rehema, ya Saudia yalikuwaje?" Ya viza na tiketi siwaelezi. Kila mtu ana yake ya viza na zote zinafanana.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Baba yangu, Mungu amrehemu, kazi hii ya picha alifundishwa Unguja na Mzee Suleiman. Mzee Suleiman alikuwa na lenzi ya shaba, kubwa, ya kushikwa kwa mikono miwili, ya kiwanda kikongwe cha Ujerumani. Jina la kiwanda silitaji. Wenye kazi yetu wanalijua, na wasio na kazi yetu halitawasaidia. Ni watu walioanza kusaga vioo vya darubini kabla kamera haijabuniwa, na kamera ilipokuja wakawa miongoni mwa wa mwanzo kuipa jicho. Baba akisema Mjerumani wa kiwanda kile hatengenezi lenzi, anailea. Mwaka wa sitini na nne, wa mapinduzi, Mzee Suleiman aliondoka Unguja na mkewe kijana, Bi Zuwena, na lenzi ndani ya kikapu, wakaishia Riyadh. Mzee alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mwaka huu Bi Zuwena akanipigia simu, "Mwanangu, njoo. Kile kitu cha mzee wako nataka kijulikane ni nini kabla sijafa." Sikungoja aseme mara mbili.

Suwaidi

Dereva aliyenichukua uwanja wa ndege Riyadh alikuwa kijana wa Kiganda, mpole, lakini mtaa wa Suwaidi ulimshinda. Tulizunguka barabara zile zile nusu saa. "Mama, hapa nyumba zote rangi moja," akasema, "wewe angalia mlango tu." Mlango tuliupata kwa pua. Mtaa mzima ulinuka kabsa, ule wali wao wa nyama, na iliki, nyumba moja ikanuka tui la nazi. Nikamwambia simama hapa hapa.

Bi Zuwena ni mwanamke mdogo wa umbo, miwani mizito, kanga mabegani juu ya dera. Alinishika mashavu. "Rehema! Umenenepa, alhamdulillahi." Nikawekewa wali wa nazi, kuku wa kupaka na achari ya ndimu, na kila nilipotaka kuuliza habari ya lenzi aliniongezea paja. Huyo ndiye Mzanzibari. Miaka sitini jangwani na bado hakuulizi shida yako mpaka ushindwe kuinuka.

Sebule yake ilikuwa shaba tupu. Masinia, dele la kahawa, chetezo, mrashi, vyote vinang'aa mpaka unaona meno yako. Na katikati ya meza, ndani ya nyumba ile ya shaba, ilisimama lenzi. Niliiinua, nikaipeleka dirishani, nikachungulia vioo, safi kabisa, isipokuwa povu moja dogo la hewa ndani ya kioo cha mbele, kama punje ya mtama. Kisha nikaigeuza nisome jina la kiwanda na namba yake. Kila lenzi ya kiwanda kile ilichongwa jina na namba ubavuni, na namba ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Nikatafuta. Nikazungusha. Shaba laini, hakuna kitu.

"Bi Zuwena, maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani?"

"Hapa ubavuni. Jina la kiwanda na namba."

Akajivutia kanga mabegani. "Yalikuwepo," akasema. "Kidogo kidogo yakaondoka."

Kumbe kila Idi, Idi ndogo na Idi kubwa, bibi yule alikuwa akiitoa lenzi pamoja na masinia na kuisugua kwa ukwaju na majivu. Miaka sitini! Yalinitoka, "Wee Bi Zuwena!" hata nikasahau adabu.

"Nifanyeje?" akanijibu. "Ya kweli au ya uongo, shaba ya nyumbani kwangu haikai na kutu."

Hapo ndipo akanieleza yaliyomuuma. Walipooana tu, Mzee Suleiman alimwomba bangili zake za harusi, akambadilishia mpiga picha mmoja wa Kigoa aliyekuwa akifunga studio, akarudi nyumbani na lenzi. Akamwambia mkewe hii ni ya Ujerumani, hii itatulisha. Kaka yake Bi Zuwena akaja, akaitazama, akaona lile povu. Akacheka. Mjerumani, akasema, hawezi kuuza kioo chenye povu. Hiki ni cha bandia, shemeji amechezewa, au amechezea bangili kwengine na sasa anatunga. Bi Zuwena akamwamini kaka yake.

"Nikamwita mwongo," akaniambia. "Wala si siku moja. Kila nikiona mkono wangu mtupu nilimwita mwongo."

"Naye akisemaje?"

"Hasemi. Angesema ningepata pa kumshika. Ananyamaza, anachukua kitambaa chake laini, anafuta kioo."

Basi akanipa kazi. Jedda, mtaa wa Kandara, yuko fundi wa Kihindi, Bashir, ambaye marehemu alikuwa akimpelekea kamera zake. Mzee sana sasa, lakini yu hai. Nimpelekee lenzi, aseme. Riyadh kwenyewe nilijaribu kwanza maduka mawili. Vijana wa pale walitaka kuinunua wailaze kwenye rafu kama pambo. "Ikiwa ya kweli," Bi Zuwena akasema, "ichukue, iende kwako Mombasa ikapige watu picha, ndivyo alivyotaka. Ikiwa ya uongo, iache huko huko, usinirudishie." Akanitazama kwa miwani ile. "Wengine huenda kwa fundi waonekane wana haki. Mimi, mwanangu, safari hii naomba nionekane mjinga."

Barabara ya Taif

Kwa ndege si mbali, lakini lenzi ile nisingeiachia wabeba mizigo, na kusema kweli nilitaka kuiona nchi. Bi Zuwena mwenyewe aliifunga kwa kanga mbili, akaitia ndani ya hotipoti la chakula, lile la buluu lenye maua mekundu. Hotipoti, akasema, halina mtu wa kulitupa, kila mtu anaheshimu chakula. Niliona ni akili kubwa.

Basi lilitakiwa kuondoka saa moja asubuhi. Saa mbili na nusu tulikuwa tungali pale, abiria mmoja anabishana na kondakta kuhusu mazulia sita. Mara mazulia yanaingia, mara yanatoka. Katika ngojangoja hiyo akaja kuketi kando yangu dada mmoja wa Bungoma, Consolata, amebeba begi, mto, na chapati za njiani. Miaka minane anafanya kazi ya nyumbani. Bosi wake na familia wamehamia Jedda, wametangulia na gari limejaa watoto, yeye akaachwa amalizie kufunga nyumba, afuate na basi.

"Mathe, hapa iko mtu?"

"Hakuna, kaa mwanangu."

"Aki asante. Nilidhani nitakaa na huyo wa carpet."

Tukawa marafiki kabla gari halijatoka mjini. Aliniambia anamaliza mkataba baada ya miezi mitano, madam wake si mbaya, anataka tu aondoke na jina safi na ikama safi, kile kibali chao cha kuishi. Huyo madam ana ndugu zake wengi. Neno moja baya likitoka kwake, hakuna nyumba nyingine itakayomchukua. Nilimpiga picha na simu akiwa dirishani, amtumie mamake, akanipa namba yake. Mniamini, namba hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Nje ni mchanga, mawe, ngamia, kituo cha mafuta, msikiti mdogo, tena mchanga. Nilidhani nitachoka kutazama, sikuchoka. Mwanga wa kule ni mkavu, kila kitu kina ukingo wake. Mpiga picha ukiwa pale unawashwa vidole.

Adhuhuri tulisimama kula. Mimi Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea dini, na nikikizungumza mtu hunitazama kama nimefufuka. Nikaona ni salama zaidi kuonyesha kidole. Pale kwenye kaunta lilikuwa likipita sinia la mandi, nikalionyesha, nikimaanisha nataka chakula cha aina ile. Mhudumu akaitikia kwa furaha. Baada ya muda akatuletea kule upande wa familia, wanakoketi wanawake, sinia lile lile, la watu wanne, mguu wa mbuzi juu yake umelala kama sultani. Consolata akacheka mpaka machozi. "Mathe, umeitisha harusi!"

Tulikula tukashindwa. Kutupa hatukuweza, mtu mzima hatupi wali. Consolata akasema chapati zake zimeisha, hotipoti lake li tupu, tutie humo. Akalitoa mezani. La buluu, maua mekundu. Nikatoa na langu kuonyesha, tukachekeana, kumbe kila nyumba ya Riyadh inalo hili! Tukajaza wali, honi ikalia, tukakimbia. Hapo ndipo ulipo upumbavu wangu, na mimi ndiye niliyejiona mjanja asubuhi ile.

Baada ya Taif tulishuka njia ya Seli, ambako wanaokwenda Umra hutia nia na kubadilisha nguo. Basi lilisimama saa nzima. Wanaume waliopanda wakiwa na suruali na kanzu za kila rangi walirudi wote na shuka nyeupe, hata yule wa mazulia, na ghafla basi zima likatulia, hakuna anayegombana. Nilipenda sana hali ile. Consolata alibaki kulinda mizigo. "Nendeni mkaombe," alituambia, "na mniombee hii miezi mitano."

Hotipoti la Consolata

Jedda tuliingia usiku, wenye shuka wameshashuka njia panda ya Makka. Unyevu wake si wa kusimuliwa. Nilishuka, miwani ikafunga ukungu, nikasalimia nguzo. Dereva wa kina Consolata alikuwa anamngoja, "Yalla, yalla," akatupia mizigo yake nyuma, wakaondoka. Mimi nikachukua chumba Kandara, nikaoga, nikaswali, nikafungua hotipoti niitazame lenzi kidogo.

Wali. Wali na mfupa wa mbuzi.

Niliketi kitandani na wali wangu. Miaka sitini lenzi imetoka salama kwenye mapinduzi, baharini, jangwani, na mimi nimeipoteza kwa ulafi wa mandi. Nikapiga simu ya Consolata, imezimwa. Nikapiga tena na tena. Bi Zuwena akapiga kuuliza nimefika? Nikamwambia nimefika salama. Sikumwambia nani hakufika salama.

Asubuhi saa nne Consolata akapokea, sauti ya chini. "Mathe, wewe ndio uko na rice yangu?"

"Na wewe una lenzi yangu. Iko nzima?"

"Iko. Lakini iko shida. Madam alifungua ili aone nimekuja na chakula gani, akapata hii kitu imefungwa na nguo mbili. Anauliza ni ya nini. Nikasema sijui, ni ya rafiki wa bus. Anasema mafi rafiki, hakuna rafiki, sema ukweli, hii ni dawa ya kuroga? Mathe, nimelia. Baba mwenye nyumba anarudi saa sita. Nakutumia location, tafadhali kuja."

Niliosha hotipoti, nikalikumbatia, nikasimamisha teksi. Njia nzima nilikuwa nikijilaani. Mtoto wa watu ana miezi mitano tu, na mimi nimemtilia kitu kisichoelezeka ndani ya mzigo.

Madam alinifungulia mwenyewe. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uso wa mtu aliyeogopa, si wa mtu mbaya. Lenzi ilikuwa juu ya meza, imewekwa mbali na watoto, na hakuna aliyeikaribia. Consolata alisimama kando ya mlango, macho mekundu. Nikaanza kueleza kwa Kiarabu changu cha chuoni. Nikasema kioo, nikasema sura, nikasema Ujerumani. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, na mimi ningekuwa yeye ningerudi nyuma pia. Bibi mgeni, jasho linamtoka, anasema maneno ya kitabuni juu ya sura za watu ndani ya shaba!

Nikaacha kusema. Nikamwomba kwa ishara afunge mapazia, yakabaki na mwanya mmoja. Nikaichukua lenzi, nikaishikilia kwenye mwanya, nikamwita Consolata asimame nyuma ya lenzi na karatasi nyeupe. "Rudi nyuma. Rudi. Njoo kidogo. Hapo!"

Mtaa mzima ukaingia ndani ya karatasi. Kichwa chini, lakini mzima, na rangi zake zote: mtende wa ng'ambo ya barabara, ukuta wa waridi, gari jeupe, na mfagiaji mwenye ovaroli ya kijani akitembea na miguu juu. Kila jani la mtende lilionekana peke yake. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na minane, nimeona lenzi za kila namna, na kama hii sijaiona. Watoto wakapiga kelele. Mdogo akalala chali sakafuni ili amwone mfagiaji sawasawa.

Madam akasogea. Akamnyang'anya Consolata karatasi, akaisogeza mbele, ikafifia, akairudisha, ikajaa tena. "Subhanallah," akasema. "Subhanallah." Akacheka kama msichana. Kisha akageuka, akamwona Consolata bado amekaa mkao wa kesi, na uso ukambadilika. Akamwendea, akamshika mkono. "Maalesh, Consolata. Halas. Nilikosea." Akalisema mbele ya watoto wake, na hilo nililiona kubwa.

Tukanyweshwa kahawa na tende. Baba alipoingia saa sita alitukuta sote gizani tukitazama mtaa kichwa chini, akavua viatu akaketi, akaomba zamu yake.

"Mathe, umeniokoa," Consolata akaniambia mlangoni.

"Mimi ndiye niliyekutia humo, pumbavu mie."

"Si ndio," akasema. "Lakini umenitoa."

Kandara

Duka la Fundi Bashir limebanwa kati ya muuza simu na mshona kanzu, na lina upana wa kabati. Ndani kuna kamera zilizokufa mpaka darini na mzee mmoja wa Haidarabadi, ndevu nyeupe, kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni. Kiarabu chake na changu havikukubaliana, lakini Mombasa tumekua na Wahindi, na Kihindi cha dukani ninacho. Nilipotaja Suleiman alisimama. Alipoitazama lenzi akaketi.

"Nani ameifanya hivi?"

"Mkewe. Kwa ukwaju."

Akafumba macho muda mrefu, kama mtu aliyeletewa tanzia. Nikamwonyesha lile povu, nikamweleza kaka mtu alivyosema. Hapo akacheka. Kioo kizuri cha zama zile, akasema, kilikuwa kigumu kuyeyusha, na povu lilikuja nacho. Kiwanda kilijua, kikaliacha, kwa sababu povu moja haliharibu picha, na kioo kile hakikuwa na mfano. Mwigaji ndiye angetafuta kioo kisicho na doa, ili akupendeze.

"Basi ni ya kweli?" nikauliza.

"Nimesema povu si kosa. Sijasema ni ushahidi." Mzee mkali huyo. "Tuifungue."

Haikufunguka. Ukwaju na majivu ya miaka sitini yalikuwa yameganda ndani ya nyuzi za pete inayoshikilia kioo. Alitia tone moja la mafuta, akaniambia njoo Alasiri. Nikaja Alasiri, akatia tone la pili, akaniambia njoo kesho. Nikamwambia, fundi, kwetu tungeshika koleo. Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo maana za kwenu hazifiki umri huu," akasema. Nilikwenda nikala samaki wa kukaanga kwa Myemeni wa kona, nikarudi chumbani, na Bi Zuwena akapiga. "Kasemaje?" Bado. Akapiga tena baada ya Isha. "Kasemaje?" Nikamwambia lala mama, kesho.

Kesho yake saa tano pete ikazunguka. Ilitoa mlio mdogo, fundi akaacha kuzungusha, akapangusa mikono, akaanza upya kwa vidole viwili tu. Akatoa kioo cha mbele, akakilaza juu ya kitambaa cheusi. Kioo kikitoka kwenye shaba yake ni kama mtu aliyevua kilemba, unaona haya kumtazama. Ukingo wake, ule unaofichwa na shaba, haukung'arishwa. Ni wa kijivu, umekwaruzwa kwa mashine. Fundi akaugeuza kwenye taa polepole. Akasimama. Akanipa kile kioo chake cha kukuzia.

Ilikuwa penseli. Tarakimu tano, zimeandikwa kwa mkono, ndogo, zimelala kidogo upande, na ile saba imekatwa katikati kwa kistari, kama wanavyoandika wao.

"Ndivyo walivyofanya," Fundi Bashir akasema. "Kila kioo walikiandika namba ya lenzi yake, ili kisichanganyike na ndugu wa lenzi nyingine. Hii ni yao. Hii sasa naapa."

Niliona aibu kulia mbele ya mwanamume nisiyemjua, lakini nililia. Mtu alikaa mezani pake Ujerumani, akachonga penseli, akaandika vizuri mahali ambapo alijua hakuna mnunuzi atakayepaona. Kisha ikafunikwa shaba, na dunia ikapita juu yake. Kazi namna hiyo mimi naivulia viatu.

Nikampigia Bi Zuwena. Alipokea kabla haijalia sawasawa.

"Kasemaje?"

"Ni ya Ujerumani, mama. Ya kweli. Ameapa."

Nikasikia anahema. "Amejuaje? Mimi nimeisugua yote."

"Kuna namba ndani, kwenye ukingo wa kioo. Imeandikwa kwa penseli, imefunikwa na shaba. Ukwaju haukufika."

"Nisomee."

"Nne," nikasema. "Saba. Mbili."

"Sita," akasema Bi Zuwena. "Tisa."

Nikatazama kioo. Sita. Tisa. "Mama, umeijuaje?"

Akaanza kusema, pole pole. Mzee Suleiman alipopooza, maneno yalimpotea yote. Mke wake hakuweza kumwita jina, maji hakuweza kuomba. Kilichobaki ni tarakimu zile tano. Kutwa anazitaja, anamkazia macho mkewe, anazitaja tena. Watoto wao wakadhani ni namba ya simu, haikutosha. Wakajaribu kadi yake ya benki, ikakataa. Daktari akawaambia ndivyo ugonjwa ulivyo, maneno yakiondoka hubaki chochote, msihangaike kutafuta maana.

"Kumbe alikuwa akinijibu, Rehema," Bi Zuwena akasema. "Maisha yake yote hakunijibu, siku zile akawa ananijibu. Nami kila akiitaja namwambia, lala, bwana wangu, lala."

Nilishikilia simu tu, yeye kule analia, mimi huku nalia, na Fundi Bashir akageukia ukutani akajifanya anatafuta bisibisi.

Nilirudi Riyadh na basi, lenzi mapajani, haikutoka mikononi hata wakati wa kula. Nilipomkabidhi aione kwa mara ya mwisho, Bi Zuwena aliipakata kama mtoto, kisha akanyoosha mikono. Ahadi ni ahadi, akasema, ni yako, ichukue ikapige watu picha.

Kamera yangu ya mbao nyumbani, kibao chake cha mbele nilishakitoboa kabla sijasafiri, kwa kipimo cha lenzi ile ile alichoniachia baba. Nikamtazama bibi yule usoni, nikamwambia lenzi ni kubwa mno, kamera yangu haiikubali, abaki nayo. Akaniuliza kweli? Nikasema wallahi, mama, haiingii. Huo ni uongo, tena wa kiapo, na nimeusema kwa mtu aliyengoja ukweli miaka sitini. Funga nishafunga siku tatu kukilipia kiapo. Lenzi iko Suwaidi, na yeyote atakayekwenda kumsalimia Bi Zuwena, nawaombeni, msimwambie.